Saa Moja na Dakika Ishirini na Mbili: Mzee Wenceslaus Bigirimana Anastaafu

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Wenceslaus Bigirimana anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ndege ndogo, Akanyoni, kwa miaka ishirini na tisa na miezi mitano kasoro siku tatu. Hizo siku tatu nimeziweka makusudi. Ukimwandikia mtu huyu "karibu miaka thelathini" atakurudishia karatasi yako.

Wakubwa wa ofisi ya Remera, Kigali, waliponipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe, walinipa pamoja nayo orodha ya maneno ya kutumia: uaminifu, nidhamu, tabasamu. Ni maneno mazuri na yote ni yake. Lakini kwenye orodha ile sikuona Kamembe, sikuona Bukoba, wala sikuona alichofanyiwa tangu Septemba. Kumuaga bila kuyataja hayo ni kumsindikiza mgeni kwa mlango wa uani. Kwa hiyo nitayataja. Anayetaka tabasamu peke yake atalikuta kwenye picha ya jalada.

Mzee Wenceslaus alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda. Alisoma Bukoba hadi kidato cha nne, akaanza maisha ya kazi akiwa karani wa mizigo, na aliporudi Rwanda akaajiriwa Akanyoni Jumatatu ya tarehe 3 Juni 1996. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima uzito wa mizigo na wa abiria wenyewe. Wazee wa hapa wanakumbuka jinsi alivyowapima akina mama bila kumuudhi hata mmoja: alikuwa anaangalia mzani, anaandika, halafu anasema kwa sauti, "Mzani huu unadanganya, mama, endelea tu." Namba ya kweli ilibaki kwenye karatasi yake.

Mwaka 2001 akawa mpangaji wa safari. Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, mpangaji wa safari ni yule anayekaa chini ili wengine wawe salama juu. Anahesabu umbali, upepo, mafuta, saa ya kuruka na saa ya kutua, kisha anatia saini kwenye fomu. Bila saini yake rubani hawashi injini. Kazi haina sare wala makofi. Abiria akishuka anamshukuru rubani na Mungu, wala hajui kama kuna mzee mmoja Kigali aliyekuwa anaangalia saa.

Safari yetu inayojulikana kuliko zote ni ya Kamembe na Bukoba. Ni viwanja viwili vidogo, kimoja kando ya Ziwa Kivu, kingine kando ya Ziwa Viktoria, na Rwanda karibu yote iko katikati. Mzee alikuwa na ramani kubwa ukutani, pini mbili na uzi mwekundu. Ukiuvuta uzi ule unapata kilomita 347, na unapita karibu kabisa na paa la ofisi yetu. Vijana walimtania kwamba ndege ikipita afungue dirisha awapungie abiria mkono. Akawajibu kwamba uzi haujui mlima. Ndege ikitoka Kamembe lazima ipande kwanza juu ya vilele vya Nyungwe, mchana inazunguka mawingu, na Bukoba inaingia kwa upande wa ziwa ikingoja upepo utulie. Hayo yote ni dakika, na dakika hazionekani kwenye uzi.

Basi akaanza kuziandika. Kila ndege ilipotua, kabla ya pole na kabla ya salamu, alimuuliza rubani kwa simu neno moja tu: "Ngapi?" Akiambiwa, anaandika kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi. Ameandika hivyo kwa safari zaidi ya elfu nne. Ya haraka kuliko zote ilichukua saa moja na dakika kumi na moja. Ya polepole ilichukua saa moja na dakika arobaini na tisa, siku ambayo mvua ilikuwa imesimama kama ukuta juu ya Karongi. Wastani wake ni saa moja na dakika ishirini na mbili. Hiyo ndiyo namba iliyokaa kwenye ratiba yetu miaka yote.

Hakutosheka na maneno ya marubani. Likizo zake nyingi alizitumia kupanda ndege hiyo mwenyewe, amekaa kiti cha nyuma na saa mkononi, anakwenda Bukoba asubuhi na kurudi jioni bila kutoka kiwanjani. Mkewe, Mama Eustadia, akaona mambo hayaeleweki. Mwanamume gani anakwenda Bukoba mara kumi na moja hana hata dagaa wa kurudi nao? Siku moja akaja ofisini, akasimama mlangoni, akauliza Bukoba kuna nini. Wakamfungulia yale madaftari meusi. Akayapekua ukurasa kwa ukurasa, akayafunga, akasema afadhali angekuwa mwanamke, maana mwanamke unaweza kwenda kugombana naye.

Huyo ndiye Mzee wetu. Mimi alinipokea mwaka 2022 nikiwa sijui hata kwamba saa ya Bukoba iko mbele ya yetu kwa saa nzima. Nilimwambia abiria kwamba saa ya Bukoba iliyo kwenye tiketi yake ni ya Kigali, akaachwa na ndege Bukoba, akarudi na hasira ya wiki nzima. Mzee hakunifokea. Alinunua saa mbili za ukutani, akazitundika mbele ya kaunta yangu, moja ya huku, moja ya kule, akasema sasa kila mtu atachelewa kwa kupenda mwenyewe. Nilipokuwa mjamzito na miguu imevimba, ni yeye aliyebeba stuli kutoka ofisini kwake akaniwekea nyuma ya kaunta, akakataa kuirudisha mpaka nilipojifungua.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Januari mwaka huu ratiba yetu ilibadilika. Kamembe hadi Bukoba ikawa dakika hamsini na sita. Mkurugenzi mpya wa biashara, Bwana Norman, aliitangaza kwenye mkutano wa wafanyakazi, na wiki iliyofuata bango likasimama Remera karibu na kituo cha mabasi: "Dakika 56 tu." Kwa namba hiyo ndege iliweza kwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Tulipiga makofi. Nasema tulipiga, kwa sababu na mimi nilipiga. Mzee Wenceslaus peke yake aliinua mkono, akauliza dakika hizo zimepimwa na nani. Akajibiwa kwamba teknolojia imepima.

Ndege haikubadilika. Ni zile zile mbili zenye pangaboi moja na viti kumi na kimoja. Milima nayo haikuhama. Kilichobadilika ni karatasi, na kila safari ikawa inafika dakika ishirini na sita baada ya karatasi kusema imefika. Kwa miezi saba Mzee alilibeba pengo hilo mgongoni. Alipiga simu Bukoba mizigo ipakiwe haraka, aliwaomba marubani wanywe chai wakiwa wamesimama, na mafuta aliyaagiza kwa hesabu ya daftari lake, si ya ratiba. Kwa hilo la mafuta aliitwa ofisini mara mbili, akaambiwa anaiongezea ndege uzito bure. Sisi tulimwona anatembea mbio kwenye korido, tukasema uzee unamfanya awe na wasiwasi.

Tarehe 14 Agosti, Alhamisi, mkesha wa Asomusiyo, sikukuu ya kupalizwa Bikira Maria mbinguni, mbio hazikutosha. Siku hiyo nilikuwa Bukoba na mwanangu Kaze, aliyekuwa na miezi kumi na moja. Nilikuwa nimempeleka akaonwe na mama yangu, na kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa anabatizwa Rusizi, wilaya yenye kiwanja cha Kamembe, kwa wakwe zangu. Baba yake alikuwa ameshatangulia huko kwao. Mama wa ubatizo ameshonesha nguo. Mbuzi ameshachinjwa.

Saa zote nitakazozitaja ni za Kigali. Ndege ilitakiwa kuondoka Bukoba saa kumi na nusu jioni. Lakini ilikuwa imefika kwa dakika zake za kweli na si za bango, abiria wamejaa na mizigo ya sikukuu, na tulipokuwa tayari ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na tano. Kampuni ina sheria moja ya zamani: Kamembe magurudumu yanagusa chini kabla ya saa kumi na mbili kamili, kwa kuwa marubani wetu wanatua kwa macho yao, na jua likizama nyuma ya milima ile giza halibishi hodi.

Rubani wetu, Kapteni Lusekelo, alimpigia Mzee simu kuomba saini, maana fomu ikiwa Bukoba saini hutumwa kwa simu. Bwana Norman aliunganishwa naye, na simu ikawekwa sauti ya juu mezani, ndiyo maana wote tulisikia.

"Mzee, saini," alisema Bwana Norman. "Akiondoka sasa ratiba inamfikisha saa kumi na moja na dakika hamsini na moja. Yuko ndani ya sheria."

"Ratiba haina mabawa, Bwana Norman. Itamfikisha saa kumi na mbili na dakika kumi na saba. Kamembe kutakuwa giza. Sisaini."

Kukawa na kelele kule na kelele huku. Mfanyabiashara mmoja wa Kimisagara, mama mwenye mzigo wa vitenge, alionyesha nje kwa kidole. "Jua iko pale inatuangalia," akasema. "Huyu muzee anaona giza ya wapi? Ya machoni yake?" Watu wakacheka. Na kweli jua la Bukoba lilikuwa bado linalimulika ziwa, hata mimi sikuona giza popote. Niliona mtoto asiyebatizwa. Niliichukua simu ile mezani. Nilikuwa nimechoka, nepi zimebaki mbili, Kaze analia. Nilimwambia Mzee Wenceslaus, mtu aliyenibebea stuli, kwamba akininyima ubatizo wa mwanangu sitamsamehe.

Mzee akasema, "Basi nikasirikie, Mama Kaze. Nataka na kesho uendelee kunikasirikia."

Lusekelo aliikunja fomu isiyo na saini, akaitia mfukoni, akaenda kuifunga ndege kamba. Tulilala Bukoba.

Kabla ya kuondoka kiwanjani niliomba daftari la malalamiko. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Mtu akiwa na hasira mwandiko unakuwa mzuri, sijui kwa nini. Mstari wa mwisho niliandika hivi: "Mzee huyu amechoka, apumzishwe." Nikatia jina, nikatia na cheo changu.

Asubuhi ukungu ulitushika, tukaruka saa moja na robo. Nikapiga hesabu. Kwa dakika hamsini na sita tungetua saa mbili na dakika kumi na moja, na kutoka kiwanjani hadi kanisani ni mwendo wa dakika arobaini za gari, milima mitupu. Nitawahi. Nilikaa nyuma ya rubani, Kaze mapajani, macho kwenye saa ya simu. Dakika ya hamsini na sita ilipofika nilichungulia nje kutafuta Kivu. Sikuiona. Nikamgusa Kapteni bega, nikamuuliza kama tunashuka.

"Tunashuka wapi, dada?" akasema. "Hapa ndiyo kwanza Muhanga. Milima mikubwa iko mbele."

Niliangalia mbele na ilikuwepo, mmoja nyuma ya mwingine, asubuhi kweupe. Nikafikiri jana yake. Dakika ile ile, jana jioni, karatasi ingesema tumeshatua, tunapokea mizigo. Nasi tungekuwa pale pale juu ya Muhanga, watu kumi na wawili na mtoto, jua linatutangulia kuzama, na milima yote ile bado haijavukwa. Nilimshika mwanangu nikambana mpaka akalia.

Tulitua saa mbili na dakika thelathini na tisa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nne. Kanisani tulifika watoto wengine wameshapakwa mafuta na Padri ameshaendelea na Misa. Wakwe walikula mbuzi kwa heshima. Kaze alibatizwa Septemba, Jumapili ya kawaida, bila mbuzi, na alipiga kelele kama watoto wote.

Na mimi nilifanya nini kuhusu yale malalamiko yangu? Sikufanya kitu. Nilirudi kazini, nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha na foleni ya wateja, nikajiambia daftari la malalamiko halisomwi na mtu. Hilo nalisema wazi ili nisionekane ninawakasirikia wengine tu.

Lilisomwa. Tarehe 1 Septemba Mzee Wenceslaus alipewa barua ya onyo kwa "kuharibu imani ya wateja". Ndani yake wameandika kwamba hata wafanyakazi wenzake wanaona amechoka na apumzishwe. Ni maneno yangu, yamenakiliwa neno kwa neno, jina langu limeondolewa. Siku hiyo hiyo aliondolewa kwenye meza ya mipango, akapelekwa stoo ya mizigo iliyopotea, chini kabisa ya jengo. Miezi miwili kabla ya kustaafu. Ile meza yake ya mteremko, aliyochongesha mwenyewe Gisozi ili ramani ilale vizuri, leo imewekewa mashine ya kahawa, na kwa kuwa ina mteremko wameinyanyua upande mmoja kwa matofali mawili. Tunapita pale kila asubuhi, tunajaza vikombe, tunasema kahawa ni nzuri.

Yeye hakulalamika. Alishuka na daftari jipya. Ndani ya wiki sita alikuwa amewarudishia wenyewe masanduku kumi na tisa, moja likiwa la mtawa wa Rusizi lililolala pale tangu 2022, na mtawa alipolifungua akakuta soksi alizomfumia marehemu kaka yake. Alimuombea Mzee papo hapo, amesimama katikati ya mabegi. Tulioshuhudia tulishindwa pa kuangalia.

Ilinibidi nijue zile hamsini na sita zilitoka wapi. Mchana mmoja wa Septemba, wakati wa chakula, nilichukua simu nikaandika majina ya viwanja viwili kwenye tovuti ya kuhesabu umbali. Hazikupita sekunde mbili: kilomita 347, dakika 56. Hiyo ndiyo teknolojia iliyopima. Nikateremsha kidole kidogo tu, na chini ya namba kulikuwa na mistari miwili ya maandishi. Ilisema hesabu hiyo ni ya ndege kubwa ya jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa, ikaongezwa nusu saa ya kupaa na kutua. Ndege yetu haifiki 300. Mimi nimesoma sekondari tu, lakini mistari miwili ninaweza kuisoma. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha ukurugenzi hakuteremsha kidole.

Nilimpelekea Bwana Norman simu ile ofisini kwake. Alisoma. Sitasema hakusoma. Kisha akanieleza kwa upole kwamba mteja anapenda namba fupi, na kwamba Mama Kaze afadhali ashughulike na tiketi.

Nikashughulika na tiketi. Tangu siku hiyo kila anayekuja kaunta kwangu akiuliza Bukoba ni muda gani, ninamwambia saa moja na dakika ishirini na mbili, bango liseme linachosema. Nilidhani watu watakimbia. Hakukimbia hata mmoja. Yule mama wa vitenge wa Kimisagara alinisikiliza, akakata tiketi yake, akasema ningemwambia hivyo tangu zamani angekuwa anakula kwanza. Halafu akauliza yule muzee wa giza bado yupo. Nikamwambia alipo. Akashuka stoo, na sijui waliongea nini, lakini alipanda ngazi akifuta macho kwa kona ya kitenge.

Marubani nao walifika mwisho wa uvumilivu. Tarehe 6 Oktoba Kapteni Lusekelo na wenzake watatu walirudisha fomu zote zilizoandikwa dakika hamsini na sita, wakasema hawaruki na uongo mfukoni. Tarehe 20 ratiba mpya ikabandikwa. Kamembe hadi Bukoba: saa moja na dakika ishirini na mbili. Juu yake pameandikwa "Maboresho kwa faida ya wateja". Basi. Hakuna jina la mtu aliyezipima kwa miaka ishirini na nne. Hakuna pole. Yeye siku hiyo alikuwa chini anabandika lebo kwenye begi lililochanika, na ni mlinzi aliyemwambia, maana hakuna mkubwa hata mmoja aliyeshuka ngazi.

Nimeambiwa zawadi ya Ijumaa ni saa ya ukutani, imechorwa nembo ya kampuni. Sina la kusema juu ya saa hiyo. Nina la kusema juu ya barua.

Ile barua ya onyo bado imo kwenye faili lake. Ratiba imerudi alivyosema yeye, bango limeshushwa, na barua ipo. Si karatasi tu ya kukaa kabatini. Kule Bukoba wanaanzisha mafunzo madogo ya wapangaji wa safari, nao wamemwomba Mzee Wenceslaus awafundishe vijana siku mbili kwa wiki. Ndicho kitu pekee alichokitaka katika kustaafu kwake, Mama Eustadia ameniambia hivyo mwenyewe, na safari hii anakwenda naye. Lakini wanaomba cheti cha mwenendo kutoka kwa mwajiri, na Harriet wa ofisi ya utumishi haruhusiwi kuandika mwenendo safi kwa mtu mwenye onyo ndani ya mwaka. Ijumaa saa kumi na moja jioni faili linafungwa kwa sababu mtumishi ameondoka. Baada ya hapo halifunguliwi kwa ajili ya mtu yeyote.

Kwa hiyo, mbele ya wafanyakazi wote na wageni wetu, naandika hapa nilichopaswa kuandika tarehe 15 Agosti: malalamiko ya Bukoba niliyaandika mimi. Hayakuwa ya kweli. Mzee hakuwa amechoka, niliyechoka ni mimi. Alikataa kutia saini kwa sababu alikuwa anajua, nasi hatukujua, wala hatukutaka kujua. Ninayafuta. Barua yangu ya kuyafuta nimeiwasilisha kwa Harriet, naye ameigonga muhuri wa kupokelewa. Ukurasa huu pia ameusoma. Aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia ndiyo, akausahihisha koma mbili, akaupeleka kwa mpiga chapa.

Harriet anasema kinachobaki ni saini moja ya Bwana Norman ili onyo litolewe. Bwana Norman, Ijumaa saa nane utakuwa ukumbini, kiti cha mbele, na programu hii mkononi. Utasimama utoe hotuba. Tutakusikiliza kwa adabu. Lakini kutoka ukumbini hadi kabati la mafaili ni ngazi kumi na nane kupanda na mlango wa pili kushoto. Nimezipanda nimembeba mtoto, nikapima: dakika mbili kasoro. Sherehe itakungoja.

Mzee wetu Wenceslaus, asante kwa kila jioni ambayo tulifika nyumbani tukadhani ni jambo la kawaida. Asante kwa kukataa. Mungu akupe wewe na Mama Eustadia afya, chakula mnachokipenda, na usingizi wa mchana usiokatizwa na simu ya mtu. Vijana wa Bukoba wakupate, wakusumbue kwa maswali, na wasipiganie namba fupi. Kaeni salama huko, na mkifika mtuambie mmefika.

Kayitesi (Mama Kaze)
Kaunta ya tiketi, Remera